Ghorofa katika mtaa wa makazi: haki ya jirani, hasara ya mwekezaji

Kwa mfanyabiashara wa Tunduma, kiwanja ndiyo benki yake ya pili. Faida ya mahindi, mchele, vipuri au vitenge ikishavuka mahitaji ya duka, huingia kwenye ardhi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 219,000 katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma, wakati sensa ya 2012 ilikuta chini ya 100,000. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, mahitaji ya vyumba vya kupanga kwa madereva, mawakala wa forodha na watumishi yamekuwa sehemu ya hesabu ya kila mwenye kiwanja. Mji ukikua hivyo, siku moja mwenye kiwanja cha jirani ataomba kujenga fleti za ghorofa mahali palipopimwa kwa nyumba ya familia moja.

Ombi hilo huitwa mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Kila hati ya kiwanja hutaja matumizi yaliyoruhusiwa: makazi, biashara, makazi na biashara, na kadhalika. Mchoro wa mipangomiji nao huonyesha kama eneo ni la ujazo wa juu, wa kati au wa chini. Mwenye kiwanja haruhusiwi kuvuka mipaka hiyo kwa sababu tu ana fedha za saruji na nondo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 zinamtaka aombe kibali kwanza.

YALIYOTOKEA NAIROBI

Anayetaka kuona mambo haya yanavyokwenda mji unapopanda bei aangalie Nairobi. Kilimani na Kileleshwa ilikuwa mitaa ya nyumba za chini zenye bustani. Mwongozo wa ujenzi wa jiji wa mwaka 2004 uliruhusu fleti huko, lakini zisizozidi ghorofa nne. Baadaye majengo ya ghorofa zaidi ya kumi yaliidhinishwa katika mitaa hiyo hiyo. Wenye nyumba wakalalamika kuhusu majitaka, maji, foleni za magari na kivuli kilichofunika nyua zao. Mwaka 2024 wakazi wa barabara ya Rhapta, Westlands, walifika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kupinga maghorofa yaliyokuwa yakiidhinishwa mtaani kwao.

Somo kwa mwekezaji halimo katika nani anashinda kesi. Limo katika muda. Mjenzi aliyenunua kiwanja kwa mkopo huendelea kulipa riba wakati eneo la ujenzi limefungwa kwa zuio la mahakama. Aliyelipia fleti kabla haijajengwa husubiri. Jirani naye hulipa wakili kwa jambo ambalo lingeweza kusikilizwa mapema, kabla msingi haujachimbwa. Wote hao hupoteza fedha kwa sababu pingamizi lilikuja kwa kuchelewa au lilipuuzwa lilipokuja.

HESABU YA MAJI NA KARO

Tuchukue mfano wa kukadiria. Kiwanja chenye nyumba moja kina watu sita. Kikijengwa jengo la ghorofa nne, kila ghorofa fleti nne, kila fleti watu watano, wanakuwa watu 80. Tukisema kila mtu anatumia lita 60 kwa siku, nyumba ya kwanza inahitaji lita 360 na jengo jipya linahitaji lita 4,800. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kama majitaka. Mahali pasipo na bomba la majitaka, yote huingia kwenye karo, na gari la kunyonya la lita 10,000 linaweza kujaa kwa siku mbili au tatu tu. Je, gari hilo litapita kwenye njia ya mtaa kila wiki mara ngapi? Karo likifurika, litafurikia kisima cha nani?

Tunduma ni mji ambao kero ya maji inafahamika kwa kila mkazi. Kwa hiyo mwenye nyumba anayepinga ghorofa kwa hoja hii hana wivu. Analinda thamani ya mali yake, kwani mpangaji hakai mahali penye harufu na bomba kavu.

NAMNA YA KUPINGA

Maombi ya mabadiliko hupelekwa halmashauri, na hutolewa tangazo ili majirani watoe maoni ndani ya siku zilizotajwa. Siku hizo ndizo zenye nguvu kuliko kesi yoyote ya baadaye. Pingamizi la maana huwa la maandishi, hutaja namba ya kiwanja na kitalu, huambatanishwa na nakala ya hati ya anayepinga, na hupokelewa kwa muhuri na tarehe. Nakala ibaki ofisi ya serikali ya mtaa. Majirani kumi wakisaini barua moja yenye hoja tatu, wanasikika zaidi ya barua kumi za hasira.

Hoja ziwe zile ambazo kamati ya mipangomiji inaweza kuzipima: maji, majitaka, upana wa barabara, maegesho, umbali kutoka mpakani mwa kiwanja, na njia ya gari la zimamoto. Mradi mkubwa unaweza pia kudai tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria Na. 20 ya mwaka 2004. Hapo nako majirani wana nafasi ya kusikilizwa.

Kibali kikitoka, kazi ya majirani haijaisha. Jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, lilielezwa kuwa na ghorofa nyingi kuliko zilizoidhinishwa. Idadi ya ghorofa iliyo kwenye kibali ni jambo la kulihesabu kwa macho.

UPANDE WA PILI

Haifai kusema kila ghorofa ni adui. Mji usiopanda juu hutambaa, na mkoani Songwe unapotambaa unakula mashamba ya mahindi na kahawa. Aidha, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inamwezesha mtu mwenye mtaji mdogo kumiliki fleti moja kwa hati yake mwenyewe, jambo ambalo kiwanja kizima kisingemruhusu. Mara nyingi pingamizi lenye busara huomba masharti: ghorofa mbili badala ya nne, tanki la akiba, karo la kutosha, maegesho ndani ya uzio.

USHAURI KWA WANUNUZI

Dalali anayesema "hapa patakuwa pa maghorofa" anauza matumaini kwa bei ya kibali. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaone mchoro wa eneo na matumizi yaliyo kwenye hati. Kama mabadiliko hayajapitishwa, lipa bei ya kiwanja cha makazi, au weka sharti katika mkataba kwamba sehemu ya fedha italipwa kibali kikishatoka. Kumbuka pia kwamba matumizi ya biashara huja na kodi ya pango la ardhi iliyo kubwa zaidi.

Mwisho, zungumza na majirani kabla hujaleta tripu ya kwanza ya mchanga. Pingamizi moja lililosikilizwa mapema ni nafuu kuliko mwaka mmoja wa riba.