Benchi moja, maneti mbili

Sisi tuliokulia Lubudi, karibu na kiwanda cha simenti na njia ya reli, tunaukumbuka sana mpira wa PlayStation 2. Mashine hiyo ilitoka Japani mwaka 2000. Kwetu ilifika baadaye, imekwisha kutumika kwingine. Mwenyewe aliiunganisha na televisheni, akaweka benchi, akatoza makuta kwa kila mechi.

Kanuni ilikuwa moja: anayefungwa anatoka. Maneti zilikuwa mbili na watoto zaidi ya kumi, hivyo muda mwingi tulikuwa tukingoja zamu. Tulishangilia, tukagombana, tukapatana kabla umeme haujakatika.

Tukiri pia: wengine tulilipa kwa feza ya sadaka tuliyopewa na mama. Alipojua hakutupiga. Alitupeleka kwa mashemasi tukaseme wenyewe. Hatujasahau.

Leo mtoto anacheza peke yake kwenye simu. Betri nyingi za simu zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa Lualaba, kama koltani inavyotoka kwenu Kivu. Mtoto anashika mali ya udongo wetu, lakini hana mwenzake kando.

Hatuwaambii wazazi wavunje simu. Tunaomba kila kanisa la mahali liweke benchi baada ya ibada: simu moja, watoto wanne, kwa zamu, mtu mzima akiwa karibu. Wengi tuliongoja nao zamu kule Lubudi, tunaimba nao kwaya hadi leo.