Jamaa yenye kanseri: si bibi anayewamaliza



Kwenye kilio, kabla udongo wa kaburi haujakauka, kuna swali linaloanza kuzunguka mkekani: «Huyu ni wa tatu katika nyumba hii. Nani anawamaliza?» Na mara nyingi macho yanamgeukia bibi fulani mwenye nywele nyeupe, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Juma hili nataka tulipe swali hilo jibu lingine.

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor kule Marekani, mwanamke mshonaji wa nguo alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba yeye atakufa mapema, kwa kanseri ya tumbo, ya utumbo au ya kizazi, kwa sababu watu wengi wa jamaa yake walikufa hivyo. Wakati huo alikuwa mzima. Baadaye alikufa kweli kwa kanseri ya kizazi. Daktari hakuyadharau maneno yake. Aliandika jamaa ile mtu kwa mtu, na mwaka 1913 akatangaza aliyoyaona. Daktari mwingine, Henry Lynch, aliendeleza kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na leo ugonjwa huo wa kurithi unaitwa kwa jina lake.

Sasa, unatoka wapi? Fanyeni jaribio nyumbani. Mwandikie mtoto kwenye kaye: «Mama anapika sombe.» Atanakili vizuri. Halafu mwandikie: «kakakakakakakakaka», anakili haraka. Mara atapunguza «ka» moja, mara ataongeza. Pahali neno moja linarudiwarudiwa, jicho linateleza.

Mwili nao unanakili. Kila seli, ile chembe ndogo ya mwili, ina maandishi yanayoitwa ADN, yenye herufi karibu miliari 3. Seli ikijigawa, inayanakili yote. Ndani yake kuna sehemu nyingi ambamo herufi zilezile zinarudiwa kama ile «kakaka», na hapo seli inateleza. Mungu ametuwekea wasahihishaji: wanapita nyuma kama mwalimu na kalamu yake nyekundu, wanarekebisha. Kila mtu anapata nakala mbili za maagizo ya kazi hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Anayerithi nakala moja mbovu anaendelea vizuri kwa ile ya pili. Lakini siku ya pili ikiharibika katika seli fulani, makosa yanarundikana, na seli inaweza kuanza kuzaana bila mpaka. Hiyo ndiyo kanseri.

Mwaka 1993 wataalamu waligundua alama hiyo: katika kanseri nyingine za utumbo, sehemu za «kakaka» zimerefuka au kufupika. Katika kanseri 100 za utumbo mpana, karibu 15 zina alama hiyo, na karibu 3 tu ndizo za ugonjwa huu wa kurithi. Kwa hiyo tusiogope kila kanseri kuwa ni ya jamaa.

Ugonjwa huu hauchagui damu ya mama peke yake. Mzazi mwenye nakala mbovu, baba au mama, anaweza kumpa kila mtoto: ni nusu kwa nusu. Basi bibi-arusi asitukanwe kwamba ameleta mkosi.

Na kujua kunaokoa. Huko Afrika Kusini, katika Northern Cape, kuna jamaa nyingi zenye kosa moja lilelile. Waganga waliwafuata, wakawa wanawachungulia utumbo kwa chombo kabla hawajaugua. Waliochunguzwa walikufa wachache kuliko wasiochunguzwa. Tena, tangu 2017 Marekani iliruhusu dawa moja kwa kanseri yenye alama ile, hata ikiwa katika kiungo gani.

Dawa hiyo ni ya bei kubwa na iko mbali nasi. Lakini kazi ya kwanza ya Warthin ilikuwa kalamu na karatasi, na hivyo tunavyo. Chukueni kaye. Andikeni babu, bibi, shangazi, wajomba, wazazi na ndugu: nani aliugua nini, alikuwa na miaka mingapi. Mkiona watu watatu wenye kanseri ya utumbo au ya kizazi katika upande mmoja wa jamaa, na mmoja wao hakufikisha miaka 50, pelekeni kaye hiyo kwa mganga hopitalini. Na mwenye kuona damu katika choo kubwa, au damu ya kizazi baada ya hedhi kukoma, asingoje, asione haya.

Yule mshonaji aliyajua ya jamaa yake, akayasema, na kwa maneno yake watu wengi wamepona. Kwetu tunayanyamazia mpaka siku ya kilio, kisha tunamtafuta bibi wa kulaumu. Bibi huyo ndiye anayekumbuka nani alikufa na nini. Tumkalie karibu na kaye, tumuulize.