Kupeleka Takwimu za Lugha katika Laha Nyingi kwa Njia ya Amri

Mtafiti akusanyaye msamiati katika Nyanda za Juu Kusini mara nyingi hurudi na lugha kadhaa ndani ya faili moja. Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, ni mahali pafaapo kwa mfano. Tuseme amepata huko majibu ya Kihehe, Kibena na Kikinga. Katika mpango wa Malcolm Guthrie lugha hizo ni G62, G63 na G65. Basi namba 62, 63 na 65 zatosha kuwa alama zake katika safu iitwayo "lugha".

Msahihishaji wa kila lugha huhitaji laha yake mwenyewe katika kitabu kimoja cha lahajedwali. Kunakili kwa mkono kwaweza kuutia mstari wa Kibena katika laha ya Kikinga, wala pasibaki dalili. Amri iliyoandikwa, kinyume chake, husomeka na kurudiwa. Katika programu ya Stata, kuanzia toleo la 16 la mwaka 2019, huandikwa hivi:

export excel using "ipogolo.xlsx" if lugha==62, sheet("Kihehe", replace) firstrow(variables)

Neno "using" hutaja kitabu. "If" huchagua mistari. "Sheet" hutaja laha. Na "firstrow" huweka majina ya safu katika mstari wa kwanza. Amri hii hurudiwa kwa 63 na kwa 65, jina la laha likibadilishwa.

Neno la kuangaliwa sana ni "replace", yaani kuondoa cha zamani na kuweka kipya. Katika Kiswahili, upatanisho hutuonyesha sifa inahusu nini: "laha ya kitabu mpya" si sawa na "laha ya kitabu kipya". Lugha ya amri haina upatanisho. Ina mabano tu. "Replace" ikiwa ndani ya mabano ya "sheet", hubadilishwa laha hiyo peke yake. Ikiwa nje, hubadilishwa kitabu kizima. Mtafiti akiiweka nje katika amri zote tatu, Kihehe kitafutwa na Kibena, na Kibena kitafutwa na Kikinga; mwisho kitabu kitakuwa na laha moja tu, na programu haitalalamika, kwa maana imetii ilivyoambiwa.

Jambo la pili ni majina ya alama. Ikiwa namba 62 imepewa jina "Kihehe" ndani ya faili, laha itaonyesha jina, si namba. Atakaye namba huongeza neno "nolabel".

Hapana budi faili ya asili ihifadhiwe mbali na kitabu hicho, pamoja na faili ya amri. Vikiwapo hivyo viwili, laha iliyopotea hutengenezwa upya kwa dakika moja. Visipokuwapo, itambidi mtafiti arudi Ipogolo kuuliza tena.