JICHO KWA JICHO: MUSA ALISEMA NINI?

Jumapili moja baada ya Misa, mvua ya Tukuyu ikinyesha kama ilivyo desturi yake, mzee mmoja aliingia ofisini mwangu, Biblia imefichwa chini ya koti isilowe. Akaketi, akaifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 21, akaweka kidole. "Karani, nisomee hapa kwa sauti." Nikasoma. Ni pale Musa anapotaja jicho kwa jicho na jino kwa jino.

Mwanawe alikuwa amepigwa jiwe na jirani katika ugomvi wa mpaka wa migomba, na jicho la kushoto limepofuka. Jirani alimtuma mdogo wake alete beberu mmoja na kusema kwamba yamekwisha. Mzee akamrudisha beberu. "Habari ya shavu la pili naijua, Padre ametufundisha," akaniambia. "Mimi nauliza habari ya Musa. Wayahudi wenyewe, wenye sheria hiyo, hufanyaje?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba juma moja nikatafute, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wayahudi husema kwamba Mungu alimpa Musa sheria kwa njia mbili: ile iliyoandikwa, na ile iliyopokewa kwa mdomo, mwalimu akimfundisha mwanafunzi. Waalimu wao huitwa marabi. Mafundisho ya mdomo yalikusanywa huko Galilaya yapata mwaka 200 baada ya Kristo, yakaitwa Mishna. Baadaye mabishano ya waalimu juu ya Mishna yalikusanywa Babeli katika kitabu kikubwa kiitwacho Talmudi. Kwa hiyo Myahudi hasomi mstari mmoja na papo hapo akainuka kwenda kuutimiza. Huuliza kwanza: mstari huu umekaa karibu na upi? Neno hili limetumikaje mahali pengine?

Juu ya jicho, marabi waliamua kwamba maana yake ni malipo, wala si kung'oa. Wakauliza: kipofu akimtoboa mwenzake jicho, mtamng'oa lipi? Na mtu akifa wakati wa kutolewa jicho, je, hamkuchukua jicho pamoja na uhai kwa jicho moja? Tena wakaona kwamba katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35, Musa akataza kupokea fidia kwa uhai wa mwuaji. Wakasema: kama fidia imekatazwa kwa uhai, basi kwa kiungo imeruhusiwa. Hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu, maana wameusemesha mstari hata kwa lile usilolitaja.

Lakini malipo yenyewe si beberu mmoja. Mishna yataja mambo matano: hasara ya kiungo, maumivu, gharama za matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu. Hata akiisha kulipa yote, mkosaji hajasamehewa mpaka amwombe msamaha yule aliyemwumiza. Naye aliyeumizwa asiwe na moyo mgumu. Hilo wamelitoa katika habari ya Abrahamu, aliyemwombea Abimeleki.

Mtu atasema Wayahudi wako mbali. Si mbali hivyo. Karibu na Mbale, Uganda, chini ya mlima Elgon, wako Waafrika wa dini hiyo, waitwao Abayudaya. Aliyeanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki. Alikuwa Mprotestanti, kisha akajiunga na Wamalaki, kundi lililokataa dawa za hospitali kwa sababu ya mistari waliyoisoma. (Marabi wangalistaajabu: kwao, kuokoa uhai hushinda hata Sabato, kwa kuwa kitabu cha Walawi chasema mtu ataishi kwa amri hizo, wala hakikusema atakufa kwazo.) Kakungulu akazidi kusoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Kitabu alikuwa nacho, mwalimu hakuwa naye. Mwaka 1920 akafika Myahudi mmoja aitwaye Yosefu, akakaa nao yapata miezi sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu, sala, na jinsi ya kuchinja.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Wakati wa Idi Amin ibada zao zilipigwa marufuku, wengi wakaiacha dini. Waliobaki walipokelewa rasmi na marabi kutoka ng'ambo mwaka 2002, na mwaka 2008 mwana wa huko huko, Gershom Sizomu, alipewa urabi baada ya kusoma Los Angeles. Ndipo wakapata mwalimu wa kwao.

Jumapili iliyofuata mzee akarudi. Nilimwonya kwamba Mahakama ya Mwanzo haihukumu kwa Mishna. Akasema anajua, nimsomee tu. Nikamsomea mambo yote matano, naye akaomba kalamu. Tukaandika nauli za hospitali, bei ya dawa, na siku ambazo kijana hakushika jembe. Tulipofika kwenye aibu akanyamaza.

"Hii tutaipimaje, Karani?"

Nikamwambia marabi huipima kwa kumtazama aliyetia aibu na aliyetiwa aibu.

Akafikiri kitambo. "Basi andika: aje yeye mwenyewe, asimtume mdogo wake."

Nikaandika. Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia palepale penye sura ya 21, akatoka mvuani.