Umbali wa Fikira

Mtu akisimama hapa Kiriri siku isiyo na ukungu, huuona mji wa Bujumbura chini yake, kisha Ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo. Milima hiyo huonekana laini, yenye rangi ya buluu. Lakini aliye huko mlimani haioni buluu hiyo; huona mawe, miiba na njia ya kupita. Akili ya mwanadamu nayo ni hivyo hivyo: kilicho mbali hukiona kwa jumla, kilicho karibu hukiona kipande kipande.

Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Nira Liberman na Yaacov Trope, walitoa makala juu ya jambo hili mwaka 1998. Waliona kwamba mtu akifikiri kazi ya mwakani, hufikiri sababu yake. Akifikiri kazi ya kesho, hufikiri namna ya kuifanya. Kuhama nyumba mwakani ni kuanza maisha mapya. Kuhama kesho ni kufunga mizigo na kutafuta gari. Tena umbali si wa wakati tu. Uko wa mahali, uko wa watu, yaani ndugu na mgeni, na uko wa jambo la hakika na la kubahatisha.

Lugha yetu yaujua sana umbali huu. Twasema hapa, hapo, pale. Huyu, huyo, yule. Mtu akisema "watu wale," amekwisha kuwaweka mbali, hata kama wakaa mtaa wa pili.

Basi, kuna hasara gani? Tutazame Gatumba, huko bondeni karibu na mpaka wa Kongo. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, nyumba zikajaa maji, na maelfu ya watu wakahama. Sisi tulio juu twasema "mafuriko," na neno hilo ni la kweli. Lakini ndani yake halimo godoro lililolowa, wala mtoto aliyepoteza madaftari. Asemaye kwa mbali hutoa shauri jepesi: "Wahame!" Aliye majini huuliza: Nihamie wapi? Nibebe nini? Nitalima wapi?

Hata hivyo, ukaribu nao una upofu wake. Mapema katika miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda sana. Miaka ikapita, habari hiyo ikawa mbali katika fikira, na watu wakajenga karibu na ufuko. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena likaingia majumbani. Anayenunua kiwanja huona bei yake na upepo mzuri wa ziwa. Miaka 60 iliyopita haioni. Huyo yampasa kurudi nyuma kidogo, apate kuona yote.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. Ukisema au ukiandika juu ya watu walio mbali, kwanza waulize wenyewe, kisha utaje kitu kinachoshikika. Na ukiwa ndani ya jambo mno, kama ugomvi na mwenzako bwenini, jiulize: mwakani nitaliona namna gani?

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami naongeza: huruma ya mbali haikaushi nyumba.