Mganga, Bwana Afya na Mumiani: Lugha ya Habari za Afya katika Magazeti ya Dar es Salaam, 1923–1960

1.0 Utangulizi

Magazeti ya Kiswahili ya Dar es Salaam katikati ya karne ya 20 yamechunguzwa zaidi kama uwanja wa siasa. Mkabala huo una msingi: mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walishtakiwa kwa uchochezi. Hata hivyo, mwandishi wa habari wa zama hizo alishughulika pia na visima, mitaro, ndui na zahanati. Makala hii inajenga hoja kwamba habari hizo za afya zilimdai mwandishi uteuzi makini wa maneno, kwa kuwa neno moja liliweza kumpotezea imani ya msomaji.

2.0 Mwandishi na Mazingira Yake

Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, lilipokea habari kutoka miji na wilaya mbalimbali, aghalabu kwa kalamu za walimu na makarani. Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah mwaka 1937, lilimilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Ngurumo lilifuata mwaka 1959.

Kinondoni, sawa na Magomeni, iko ng'ambo ya bonde la Msimbazi ukitokea katikati ya mji. Katika mazingira hayo, habari ya mvua ya masika ni habari ya njia, ya maji yaliyotuama na ya mazalia ya mbu kwa pamoja. Mambo ya mtaa na mambo ya afya hayakutenganishika.

3.0 Uteuzi wa Istilahi

Neno mganga lilibeba dhana mbili: tabibu wa jadi na tabibu wa hospitali. Matumizi ya pili yangali hai katika cheo cha Mganga Mkuu wa Serikali. Daktari liliondoa utata huo, lakini pia liliweka mpaka baina ya tiba mbili ambazo wagonjwa wengi walizitumia kwa zamu. Kuchagua neno kulikuwa kuchagua upande.

Bwana Afya ni mfano mwingine. Muundo wake unaunganisha neno la heshima na jina la kazi, nao humtaja ofisa kama anavyoonekana mlangoni: mtu aingiaye uani kukagua mitungi, mapipa na vyoo. Heshima na hofu vimo katika jina hilohilo.

Chanzo cha habari nacho kilidhihirika katika kitenzi. Linganisha sentensi hizi mbili za kubuni:

(a) Inasemekana maji ya kisima hiki yana vijidudu.
(b) Bwana Afya asema maji ya kisima hiki yana vijidudu.

Katika (a), kauli ya kutendeka humficha msemaji. Katika (b), dhamana ni ya ofisa. Sentensi ya kwanza humkinga mwandishi lakini hufanana na uvumi. Ya pili ina mamlaka lakini humweka mwandishi karibu na serikali.

4.0 Mtihani wa Mumiani

Ugumu huo ulifikia kilele katika neno mumiani, lenye asili ya Kiajemi. Kamusi sanifu ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inalieleza kuwa dawa nyeusi mithili ya utomvu, kisha inataja imani kwamba ni damu ya watu waliouawa. Baadaye maana ikahama kutoka dawa kwenda kwa mtu anayedhaniwa kuitafuta damu hiyo. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, anaonyesha jinsi uvumi wa aina hii ulivyowahusisha wazimamoto na watumishi wa tiba katika Afrika Mashariki.

Kwa mwandishi, hapakuwa na njia nyepesi. Kukanusha kulihitaji kulitaja neno, na kulitaja kuliupa uvumi nafasi gazetini. Kunyamaza kuliuacha uenee barazani bila jibu. Zaidi ya hayo, maneno damu, sindano na hospitali, yaliyohitajika kueleza tiba, yalikuwa tayari msamiati wa uvumi wenyewe.

5.0 Hitimisho

Usanifishaji wa Kiswahili kwa kawaida husimuliwa kupitia kamati na kamusi. Habari za afya zinaonyesha kwamba istilahi haikamiliki kwa kuidhinishwa. Hukamilika inapoaminiwa na wanaoitumia. Mtafiti wa istilahi za tiba anapaswa kusoma safu za habari za mitaa kwa uzito uleule anaoupa tahariri.