Neno Gumu na Majirani Zake

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tano aliandika kwenye insha: "Love is rampant in our family." Neno hilo alilitafuta mwenyewe kwenye kamusi, akaona lina maana ya kuenea na kuzidi, akalinakili kwenye daftari lake la msamiati, akangoja siku ya kulitumia. Bidii ilikuwepo, na maana aliyoikariri haikuwa ya uongo. Lakini mzawa wa Kiingereza akiisoma sentensi ile atashtuka, maana "rampant" huandamana na rushwa, uhalifu, magugu na maradhi.

Sikuishika kalamu nyekundu. Nilimwuliza tu: "Unaweza kusema upendo umekithiri nyumbani kwenu?" Akacheka. "Hapana, mwalimu. Kinachokithiri ni wizi." Kanuni hiyo hakufundishwa na mtu. Tangu utotoni amelisikia "kukithiri" likiwa na ajali, rushwa na uchafu, hajalisikia likiwa na furaha, na sikio lake likahitimisha lenyewe.

Msamiati wa juu wa Kiingereza unataka sikio la namna hiyo hiyo. Mwanaisimu wa Uingereza J.R. Firth alilisisitiza jambo hili mwaka 1957: ukitaka kulijua neno, tazama linaandamana na nani. Daftari lenye safu mbili, neno huku na tafsiri kule, linakuonyesha neno likiwa peke yake, ilhali katika matumizi halikai peke yake kamwe.

Chukua kivumishi chetu "-kali". Tuna kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, pilipili kali, dawa kali, jua kali. Kwetu ni neno moja. Kiingereza kinataka "sharp" kwa kisu, "fierce" kwa mbwa, "strict" kwa mwalimu, "hot" kwa pilipili, "strong" kwa dawa, na jua likichoma hasa, "scorching". Aliyekariri kuwa "kali" ni "sharp" akamwita mwalimu wake "a sharp teacher", atakuwa amemsifu kwa werevu, naye alikusudia kulalamikia viboko. Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi wasiandike "fierce" peke yake. Waandike "a fierce dog", "fierce fighting", "fierce competition", neno na majirani zake wawili watatu kwenye mstari mmoja.

Tabaka za maneno nazo zina mantiki ambayo Mswahili anaifahamu vizuri kuliko anavyodhani. Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na baadaye wasomi wakachota sana kutoka Kilatini. Ndiyo maana leo kuna "ask" ya asili, "question" ya Kifaransa na "interrogate" ya Kilatini. Sisi tuna "uliza" ya Kibantu, na kutoka Kiarabu tukapata "hoji" na "saili". Mama humwuliza mtoto kama ameshiba. Polisi humhoji mtuhumiwa. Mwombaji kazi husailiwa. Ukiandika kwamba mama yako "interrogated" wewe kuhusu chakula cha jioni, umemvika sare ya polisi. Kwa kila neno gumu unalokutana nalo, jiulize linakaa nyumbani, sokoni au mahakamani.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Wengi hudhani msamiati wa juu ni maneno marefu yanayoshangaza watu, na vijana wanapoteza miezi wakiyakusanya ili wamwage ung'eng'e, huku maneno yanayowakwamisha kila siku darasani wakiyaruka. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno aliyoyapata kwa kuchambua maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Familia hizo zilibeba karibu asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi yale. Humo hakuna la kushangaza: "assume", "derive", "indicate", "significant". Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na Kiingereza cha kuombea maji, mara anaikuta baiolojia, jiografia na historia zote zimeandikwa kwa maneno hayo. Huyo ndiye ninayemfikiria kila ninapoandaa somo. Akiimiliki "derive", akajua kwamba huandamana na "from" na kwamba huzaa "derivation" na "derivative", vitabu vya masomo kadhaa vinaanza kumfungukia.

Neno lina mkao wake wa kisarufi pia. "Discuss" hupokea yambwa moja kwa moja, kama "jadili" inavyofanya tunaposema tunajadili bajeti. "Discuss about", linalosikika sana kwetu, limeazima mkia wa "talk about". A.S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza Japani, aliliona tatizo hili kwa wanafunzi wake. Kamusi aliyoiongoza, iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ilieleza kila kitenzi kinaandamana na muundo gani. Kamusi za wanafunzi za leo zimefuata nyayo hizo, kwa hiyo ukifungua kamusi, usikimbilie maana ukaiacha mifano. Mifano ndiyo inayokuonyesha neno likiwa kazini.

Halafu tunga sentensi yako, na iwe sentensi yenye mzigo. "My uncle is meticulous" haijafanya kazi yoyote. Ziba neno la mwisho kwa kidole, kisha mpe rafiki ajaze: ataweka "tall", "rich", "sick", na yote yatakubalika. Sasa soma hii: "My uncle, a meticulous tailor, unpicked the whole collar because one stitch was crooked." Fundi aliyefumua kola nzima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda ameshalieleza neno kwa vitendo, na ukiliziba, "rich" haitaziba pengo. Kipimo hiki cha kuziba nakitumia kila wiki, nacho hakijanidanganya.

Isome kwa sauti pia. Mkazo wetu hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wa Kiingereza huhama ndani ya familia moja: "analyse" huukazia mwanzo, "analysis" huikazia silabi ya pili, "analytical" ya tatu. Na urudie baada ya siku moja, kisha wiki, kisha mwezi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo inapungua.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki mbili na sentensi nyingine: "Theft had become so rampant at the bus stand that my aunt knotted her fare into the corner of her kanga." Nilimwuliza "knotted" amelitoa wapi, kwa sababu wenzake wote wangeandika "tied". Akasema alilitafuta makusudi, kwa kuwa shangazi yake hafungi nauli kwenye pindo la kanga, anaipiga fundo.